Gitaa Nililounda Ukiwa Tumboni

Nekesa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga rafiki zako, na mimi nimefunga cherehani mapema. Tangu asubuhi nimekata kitambaa kimoja tu, na hicho kimoja nimekikata upande mbaya. Mtu mzima kama mimi, kila dakika naenda kuangalia sanduku lako pale mlangoni kana kwamba ni mimi ninayesafiri. Kesho asubuhi uko kwenye basi, kesho kutwa uko Mombasa, chuo cha ufundi, unasomea umeme. Umeme, Nekesa! Nimewaambia wateja wote, hata mama mmoja aliyeingia kuuliza njia ya kwenda posta.

Mambo ya kufua, kula, na kutoamini kila mtu, baba yako ameshakuambia, na akisahau kitu shangazi yako atakukumbusha kesho stendi mbele ya watu wote. Mimi nataka kukupa habari moja ambayo unaijua nusu. Unajua kwamba gitaa la mjomba wako Wanjala lilitengenezwa na mama yako, hapa hapa Kitale, na huwa unawaambia wenzako hivyo kwa maringo. Nusu nyingine sijakuambia kwa sababu inaniaibisha. Lakini leo nimefurahi mno, hata aibu imekosa mahali pa kukaa.

Nianzie nyumbani kwetu Kamukuywa. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, Wanjala kumi na saba. Nyumba ikawa mikononi mwangu, na nikaishika kama askari. Nilihesabu vijiko. Niliamua nani ale lini. Wanjala alikuwa na gitaa la zamani aliloachiwa na kiongozi wa kwaya aliyehamia mbali, na kila alipopata nafasi alikuwa nalo mapajani. Mimi nililiona kama mtu wa tatu nyumbani asiyefanya kazi. Ingawa sitadanganya, jioni alipokuwa akinifundisha kuweka vidole, nilikuwa napenda. Nilijua kubonyeza nyimbo mbili za kanisa kabla sijaacha.

Wakati wa mavuno nilimwachia mahindi yaliyoanikwa uani, nikaenda mtoni. "Ukiona wingu, funika," nilimwambia. Akaitika. Mvua iliponishika njiani nilirudi nikikimbia, nikakuta mahindi yote yamelowa, mengine yanasukumwa na maji kuelekea kwenye ua wa jirani. Wanjala ndiye anaingia upande wa pili, ametoka kwa wenzake, yuko kifua wazi. Shati lake alikuwa amelivua akafunika gitaa.

Ni hilo shati lililonichoma. Mahindi ya nyumba nzima hayakufunikwa, gitaa limefunikwa.

Jioni Papa, babu yako, alimtuma kwa jamaa zetu ng'ambo ya mto kuomba turubai, na kwa sababu mvua haikukatika akalala huko. Mimi nikalitoa gitaa kwenye msumari wake ukutani, nikaliweka nje juu ya yale mahindi, nikaingia ndani. Kulipoanza kupambazuka nililichukua nikalitundika tena. Gundi yote ilikuwa imeachia. Mgongo ulikuwa umefunguka kama mdomo.

Aliporudi nilimwambia, Papa akisikia, "Paa limevuja, Wanjala. Pole."

Akalitazama gitaa. Halafu akaweka kiganja ukutani, pale chini ya msumari. Ukuta ulikuwa mkavu kabisa. Alinigeukia, nikaangalia pembeni. Alitafuta gunia, akakusanya vile vipande kimoja kimoja, na baada ya wiki chache akaenda Kapsokwony, kule mlimani, kujifunza uashi. Miaka saba, Nekesa. Tulionana kwenye matanga na tukasalimiana kwa mkono kama watu wa ofisini. Nilipoolewa na baba yako, Wanjala alituma blanketi. Yeye mwenyewe hakuja.

Sasa nisikilize vizuri. Kulilowesha lile gitaa ilikuwa hasira, na hasira ilikwisha asubuhi ile ile. Lakini yale maneno manne, paa limevuja Wanjala pole, yalidumu miaka saba kwa sababu kila siku niliyonyamaza nilikuwa nayasema upya.

Tulipohamia Kitale nikafungua kibanda cha kushona. Kati ya wateja wangu alikuwapo mwalimu mmoja mgeni kutoka ng'ambo, dada mrefu aliyeitwa Ingrid, aliyefundisha sekondari upande wa Saboti. Mkataba wake ulipokwisha alikuja kuniaga amebeba katoni ndefu.

"Mama, hii ndugu yangu alinitumia akidhani huku sina kazi jioni," alisema. "Sijaifungua hata siku moja. Wewe una mikono. Chukua."

Nikaifungua pale pale juu ya meza ya kukatia. Ndani kulikuwa na gitaa zima ambalo bado halijawa gitaa. Mbao mbili nyembamba zilizokwisha kukunjwa kwa ajili ya mbavu. Uso wa mbao nyeupe, laini kama ngozi ya uso wa mtoto, wenye tundu katikati. Mgongo. Shingo. Vijiti vingi, waya wa kukata vipande vya kupachika shingoni, nyuzi sita kwenye bahasha, na kijitabu cha maelezo chenye michoro. Nilinusa zile mbao na machozi yakanitoka, nikamwambia Ingrid ni vumbi. Nilijua palepale ni za nani.

Baba yako aliporudi kutoka shamba alikokuwa akiendesha trekta, alizunguka ile meza mara mbili. "Utaweza kweli?"

"Nimeshona suti za bwana harusi," nikamjibu. "Nitashindwa na sanduku lenye shimo?"

Karibu nishindwe. Kijitabu kilisema gundi iachwe siku nzima. Nani angeweza kungoja siku nzima? Kila saa nilikuwa naenda kuchungulia. Ubavu wa kwanza niliufungua mapema mno, ukachomoka kama mtego wa panya, ukapiga birika la chai likaenda chini. Nilikaa nikacheka peke yangu, halafu nikapaka gundi upya. Kijitabu kilitaka vyuma maalumu vya kubania, navyo sikuwa navyo. Nikatumia vibanio vya nguo, vyote vya kwangu na vya jirani, vimepangwa kuzunguka ukingo kama meno. Siku hizo nguo zetu zilianikwa kwenye ua wa miti tu, na jirani akazoea kuniuliza, "Mama, gitaa limeshiba vibanio? Nirudishie viwili basi." Mgongo ulipofika wakati wa kukaa, nilikata tyubu kuukuu za baiskeli nikaufunga kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni, nikavuta hadi vidole vikauma.

Na wewe ulikuwa tumboni. Ulikuwa na miezi mitano nilipoanza. Kijitabu kilisema ugonge uso kwa kidole kabla ya kuufunga, usikie kama unalia. Nikauegemeza kwenye tumbo langu kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, nikagonga. Uso ukatoa sauti, mduu, na wewe ukapiga teke. Nikagonga tena. Teke. Nilimwita baba yako kwa sauti hata wapita njia wakasimama. Tuligonga tukicheka mpaka wewe ukachoka ukanyamaza.

Kila siku nilijifunza kitu kwa kukikosea kwanza. Nilipiga msasa mahali pamoja hadi pakawa pembamba, nikajifunza kupapasa kwa kidole gumba badala ya kutazama. Nilipaka vanishi siku ya upepo, ikashika vumbi na nzi mmoja mzima mzima. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Nilikuwa mjinga wa kazi mpya, na ujinga huo ulikuwa mtamu. Cherehani niliijua hata nikifumba macho. Hapa nilikuwa naamka kila asubuhi sijui nini kitanishinda leo.

Mwisho ulibaki ule ubao mdogo unaoshika nyuzi chini, wanaouita daraja. Kijitabu kilitaja urefu kamili kutoka juu ya shingo hadi pale. Hiyo ndiyo hatua pekee ambayo sikuiogopa. Kupima? Mimi? Nikavua tepu shingoni, nikapima mara tatu, nikagundisha.

Nyuzi zilipokaa nikazikaza, nikazipiga zikiwa wazi, na Mungu wangu, gitaa likaimba. Nyumba ikajaa. Nikajaribu wimbo wa kanisa aliokuwa amenifundisha Wanjala. Vidole vikiwa juu ya shingo, sawa. Nilipoteremsha mkono kuelekea kwenye tundu, sauti zikaanza kulegea. Kadiri nilivyoteremka ndivyo zilivyozidi kushuka, kama mtu anayeimba huku anasinzia.

Nikalaumu nyuzi. Nikazilegeza, nikazikaza. Nikalaumu kiwanda cha kwao Ingrid, nikalaumu mvua. Siku mbili nilitembea na hasira, na nakiri kwamba nilisema moyoni, nitampelekea hivi hivi, hatajua, na akijua nitasema lilitoka kiwandani likiwa hivyo. Unaona? Miaka saba na bado nilikuwa natafuta paa la kusingizia.

Nyuma ya soko kulikuwa na karakana ya viti na meza ya mzee mmoja Kalasinga, Bwana Harbans. Nikampelekea gitaa, nikamwambia mbao za wazungu zina kasoro. Alivaa miwani, akalizungusha, akapapasa viungo. Akaguna kwa heshima, na hiyo ilinipendeza.

"Umefunga vizuri, Mama. Hii daraja umepima na nini?"

Nikamwonyesha tepu iliyoning'inia shingoni. Akaichukua akailaza mezani, akaweka rula yake ya chuma kando yake. Mwanzo zilikwenda pamoja. Kufika mwisho wa rula, namba ile ile kwenye tepu yangu ilikuwa imepita mbele, karibu upana wa kidole.

"Tepu yako ni mzee," akasema. "Umeivuta mingi. Imerefuka, sasa inaongopa."

"Haiwezekani. Naitumia kila siku!"

"Ndio maana."

Nikamwambia alaze tena. Akalaza. Nikachukua rula nikalaza mwenyewe. Halafu nikakumbuka sare za shule. Wateja niliowapima mwilini nguo zao zilitoka sawa, maana tepu ilikosea mara mbili ikajirekebisha. Lakini sare nilizoshona kwa vipimo vilivyoandikwa na shule, zote zilikuwa kubwa! Wazazi walikuwa wakija kulalamika na mimi nawajibu bila haya, "Mpe ugali mwingi, atajaza." Kuna mama nilimwambia mtoto wake ana minyoo. Nilimweleza Bwana Harbans hayo, naye akacheka hadi akavua miwani kuipangusa, nami nikacheka nikishikilia tumbo wewe usianguke.

Tepu ile niliiamini kwa sababu ilikaa shingoni mwangu. Ndiyo hivyo tu. Vitu vigeni nilivipapasa mara kumi, kilicho changu sikukiuliza hata siku moja.

Alipasha moto kisu chembamba. Nikadhani atafanya yeye. Akanipa mpini. "Mimi nashika, wewe unakata. Usiharakishe, Mama. Gundi ilainike kwanza." Ilichukua muda mrefu kuliko kubana ubavu wowote, na kibanzi kimoja cha uso kiling'oka pamoja na daraja. Tukakigundisha, tukapima kwa chuma, tukabana. Safari hii niliacha siku nzima, na nyingine juu yake. Nilipolipiga tena, sauti za chini zilipatana na za juu. Sikuimba. Nilikaa nalo tu mapajani, wewe ukisukuma kutoka upande wa pili.

Ulikuwa umebakiza mwezi mmoja kuzaliwa nilipokwenda Kapsokwony. Baba yako alitaka kunizuia, akaniona uso, akanifungia gitaa kwenye blanketi. Ule mlima niliupanda nikisimama kila hatua kumi. Wanjala nilimkuta juu ya jukwaa anajenga ukuta wa darasa. Aliteremka polepole, akatazama tumbo langu, akatazama blanketi.

"Dada. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Fungua."

Akafungua. Akaligonga mgongo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akachungulia ndani ya tundu kutafuta jina la kiwanda.

"Nani ametengeneza hii?"

"Mimi."

"Wacha, bana."

"Angalia yule nzi kwenye vanishi. Kiwanda gani kinaweka nzi?"

Alimtafuta nzi akamwona, na mdomo ukataka kucheka. Hapo nikaanza. Nilisema yote, la mahindi, la mvua, la kulitundika tena asubuhi. Nilisema, "Paa halikuvuja, Wanjala. Nililiweka nje mimi."

"Najua," akasema.

"Najua unajua. Sikuwahi kukuambia."

Vijana wa kazi walikuwa wameacha kuchanganya saruji wanatutazama. Halafu akalifunga gitaa kwenye blanketi, vizuri, akanirudishia.

"Siwezi kuchukua," alisema. "Kwanza umwambie Papa. Ukimaliza, nitakuja mwenyewe kwako kulichukua."

Nekesa, niliteremka ule mlima na gitaa langu nikilia kwa sauti. Nilidhani nimekuja kumaliza, kumbe nilikuwa nusu ya njia. Lakini sikurudi Kitale. Nilikwenda moja kwa moja Kamukuywa, kwa sababu nilijijua. Ningefika nyumbani ningepata kazi nyingi.

Babu yako alikuwa anapukuchua mahindi. Nilikaa kando yake, nikachukua gunzi moja, nikaanza kupukuchua pia, nikamwambia. Hakuacha kazi mikononi.

"Ile paa niliezeka mimi mwenyewe," alisema. "Nilijua siku ile ile kwamba haikuvuja."

"Papa, mbona hukuniuliza?"

"Wanjala alinikataza."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Kabla ya kwenda Kapsokwony alikuja hapa," babu yako akasema. "Akaniambia, Papa, usimuulize Dada. Amebeba mengi tangu Mama atuache, na mahindi nilinyeshesha mimi. Akasema utasema mwenyewe siku utaweza. Mimi nilidhani ni mwezi mmoja, miwili." Akatupa gunzi. "Umekawia, mama."

Kwa hiyo miaka ile yote niliyodhani ndugu yangu ananichukia, alikuwa amenifunikia. Na kunikinga kwake kulimlemea, ndiyo maana alinituma kwa Papa. Alikuwa amechoka kuilinda siri yangu.

Ulizaliwa wakati wa mavuno, na jina likajileta lenyewe, Nekesa, mtoto wa mavuno. Papa akampelekea Wanjala habari, na siku ya nne akatokea mlangoni bila kupiga hodi, viatu vina udongo mwekundu wa Kapsokwony. Alikuchukua kwanza wewe, halafu gitaa. Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani, akakaza nyuzi, akasikiliza, akakunja uso.

"Uzi wa tatu unanguruma."

"Wewe piga tu!"

Akapiga. Mkono wa uashi ulikuwa umekuwa mgumu, alikosea, akarudia, akakosea tena. Baba yako akaanza kupiga makofi. Jirani akaja, akaja na wengine, na mimi niliyekuwa na siku nne tu baada ya kujifungua nikasimama nikacheza. Wewe ulilala katika kelele yote hiyo kama mtu aliyezisikia sauti zile zamani. Siku hizi anapiga kwenye harusi kuanzia Saboti hadi Bungoma mjini, na uzi wa tatu bado unanguruma. Amekataa nisiguse.

Nakusikia barabarani, unacheka na wenzako, kwa hiyo nimalizie.

Huko uendako utakuwa mjinga wa kazi mpya, mwanangu, na mimi nakuonea wivu kwa hilo, wivu mzuri. Utaunganisha waya vibaya, taa zitazimika, fundi mkuu atakuuliza nani amefanya hivi. Sina wasiwasi na hayo. Sina wasiwasi hata kidogo, naona tu raha inayokusubiri. Ila barua yako ya kwanza usiniletee matokeo mazuri peke yake. Anza na kitu ulichokiharibu, ukiandike jinsi kilivyotokea, bila kumtafuta mwingine. Nitaifungua hapa kibandani mbele ya wateja, nitaisoma mpaka mwisho, na nitakujibu siku ile ile.

Ni mimi mama yako, ninayeinuka sasa kukufungulia mlango.